Kioo cha Ukweni

Mimi ni fundi wa kuta. Wenzangu siku hizi wanajiita wakandarasi, wengine wamechapisha na kadi. Mimi najenga ukuta, naupiga lipu, na nikiitwa natundika juu yake chochote ambacho mwenye nyumba amekinunua bila kufikiri: makabati, matangi ya maji moto, picha za marehemu. Mtaani wananiita Haing'oki, kwa sababu kila nikimaliza kazi naivuta kwa mikono miwili mbele ya mwenyewe na kusema, "Haing'oki hii." Walinipa jina hilo kwa mzaha, nami nalipenda. Sina mengine mengi ya kujivunia. Nina mdomo mkali, subira ilinipita kando, na mke wangu anaapa kwamba hata usingizini nagombana na watu. Lakini kitu nilichokitundika hakijawahi kumwangukia mtu.

Ninayetaka kusimulia habari zake hapa si mimi, ni mdogo wangu wa kike. Tulizaliwa wawili tu. Tangu utotoni mikono yake haikujua kutulia. Alisuka kamba za viatu, alisuka nyuzi za pindo la pazia, na siku moja alisuka ufagio mzima mpaka mama akashindwa kufagilia, akabaki ameushika na kucheka. Alipomaliza shule tu, mama akapooza upande mmoja. Mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenda kujifunza ujenzi, kwa hiyo mtu wa kubaki akawa yeye. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Hata mimi sikumuuliza.

Miaka sita alimwogesha mama, akamlisha, akamgeuza kitandani asipate vidonda. Mimi nilikuwa nikija kila mwisho wa mwezi na sabuni na sukari, na majirani wakanisifu jinsi ninavyomjali mzazi. Mdogo wangu ananitengea chakula, ananisikiliza nikijisifu habari za majengo, halafu ananisindikiza mpaka getini. Hapo getini ndipo alipokuwa anaishia. Mama alipofariki, binti alikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu mama apooze hakuwahi kulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuishi. Aliingia saluni moja mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Alianza kwa kufagia nywele za watu. Ndani ya miaka miwili alikuwa na kiti chake, cha tatu kutoka mlangoni, kando ya dirisha kubwa linalotazama barabara. Wateja wakipanda ngazi hawataji jina. Wanasema, "Namtaka wa Dirishani," na wakiambiwa wa Dirishani ana watu wanne mbele, wanavuta viti na kusubiri. Nilikwenda pale siku moja kutengeneza rafu, na nikiwa bado kwenye ngazi nikamsikia anacheka. Kilikuwa kicheko cha kufungua kifua, cha mtu asiyeogopa kumwamsha mgonjwa. Nilisimama pale na sanduku langu la vyombo, nikaona aibu. Sikujua kwamba mdogo wangu anaweza kucheka hivyo.

Akaolewa na karani wa bohari. Shemeji yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera, maana angekuwa mbaya ningejua pa kumkamata. Halewi, hapigi mtu, mshahara unafika nyumbani. Anampenda mkewe kama mtu anavyofunika chungu, kwa nia njema na kwa kubana. Walipojenga kibanda chao, ukuta mkubwa wa sebule niliujenga mimi bure, zawadi yangu kwao. Siku ya kuhamia, mbele ya wageni wote, niliupiga ukuta ule kofi nikasema, "Huu hata ng'ombe mnaweza kumtundika!" Watu wakacheka mpaka machozi. Mdomo huponza kichwa, lakini siku ile nani alikuwa na habari na wahenga?

Mwaka jana mama yake shemeji akahamia kwao. Akateleza bafuni. Hakuvunjika kitu, ila tangu hapo ikawa ni sharti asiachwe peke yake. Usidhani ni mgonjwa. Ana akili zake timamu, macho yake yanaona mpaka ya kesho, na ulimi wake umeuzidi wangu, jambo ambalo si dogo. Kutwa anakaa kwenye kiti cha mikono karibu na mlango wa sebule. Hapo anaona nani ameingia, nani ametoka, na aliyetoka amekawia kiasi gani. Mdogo wangu akirudi kazini, salamu yake ilikuwa moja: "Huko mjini mnacheka nini kutwa nzima?"

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokutana. Wiki ile ile bibi alipoteleza, mwenye saluni alimwita mdogo wangu pembeni. Alikuwa anafungua saluni ya pili ng'ambo ya mji, viti vinane, na mtu wa kuisimamia alikuwa hana zaidi yake. "Nipe jibu Jumatatu," akamwambia. Mdogo wangu alinipigia simu siku hiyo hiyo, maneno yanagongana mdomoni. Nikamwambia hongera, nikarudi kukoroga saruji. Ijumaa ikaja simu nyingine, ya shemeji.

"Shemeji, nimenunua kioo!" akasema. "Kuna hoteli moja ya zamani inafungwa, wanauza vitu. Kioo kikubwa, cha heshima. Jioni nakileta. Njoo kesho unitundikie sebuleni."

"Sebuleni mnajitazama nini?"

"Namfungulia mdogo wako saluni! Hapa hapa nyumbani. Kwa nini ahangaike na mabasi? Wateja watamfuata, na mama atakuwa machoni pake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, shemeji."

"Na hiyo saluni ya viti vinane?"

"Hiyo ni ya watu. Hii yake. Kioo kikishakaa ukutani kesho, Jumatatu anakwenda kuwaaga."

Jumamosi asubuhi nikafika na drili, pimamaji na mbao zangu. Kioo kilikuwa kimeegemezwa kwenye kochi, chini wametandika blanketi. Sikudanganywa, kilikuwa cha heshima. Urefu wake karibu sawa na mtu, fremu ya mbao ngumu nyeusi pana kama kiganja, kioo chenyewe kinene cha zamani. Wanaume wawili walikibeba kutoka kwenye gari. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yake, mkono mdomoni.

"Usiku kucha hakulala," shemeji akaninong'oneza. "Furaha."

Mdogo wangu akaniita jikoni nikanywe chai. Chai yenyewe hakuimimina. Alirudisha mlango nusu, akaegemea sinki.

"Kaka, tangu tuzaliwe nimewahi kukuomba nini?"

Nikafikiri. "Hujaniomba kitu."

"Leo naomba. Mwambie ukuta hautabeba."

"Si umwambie mwenyewe hutaki?"

"Nimemwambia jana, nimemwambia leo. Kila nikisema ananijibu, 'Umechoka, mke wangu, ndiyo maana nataka upumzike.' Nikizidi kusema nitakuwa simtaki mama yake, na mama mwenyewe yuko pale anasikia. Nitaanzia wapi? Lakini fundi akisema ukuta haufai, hakuna aliyekosa. Mume wangu hajakosa, mama hajakosa, mimi sijakosa. Ni ukuta tu. Kioo kitarudishwa kilikotoka, na Jumatatu nitakwenda kujibu ninavyotaka."

"Ukuta nimeujenga mimi," nikasema.

"Najua umeujenga wewe." Akashusha sauti zaidi. "Mama yetu nilimuuguza miaka sita, kaka, na sikulalamika, kwa sababu nilijua ni mama yangu na ipo siku itakwisha. Hapa sioni mwisho. Nikikubali kukaa kwenye sebule hii, sitatoka tena."

Nilimwona kama alivyokuwa pale getini miaka ile, ananipungia mkono. Nikamwambia, "Niachie mimi." Na nilikusudia, nakwambia kweli, nilikusudia kwa moyo wangu wote.

Nikarudi sebuleni nikajifanya nakagua. Ukuta mmoja una mlango, wa pili una dirisha, wa tatu una kabati. Ulibaki huo wangu. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole huku na huku, ukanijibu kwa sauti nzito, sauti ya tofali lililoshiba. Nikakohoa.

"Shemeji, kioo hiki ni kizito."

"Ndiyo maana nimekuita wewe!"

"Sasa ukuta wenyewe, unajua..."

"Ukuta si wa kwako?" Shemeji akacheka, akamgeukia mama yake. "Mama, unamkumbuka na ng'ombe wake?"

"Namkumbuka," bibi akajibu kutoka kwenye kiti. "Nikasema huyu kijana ana sauti."

Mimi ninayeweza kumwambia tajiri, ndani ya jumba lake, kwamba lipu yake inafaa banda la kuku, maneno matatu yalinishinda. Nikajiambia, toboa tundu moja kwanza, sababu itapatikana mbele ya safari.

Kioo kizito hakitundikwi kwa msumari na waya. Hiyo ni kazi ya watu wanaotaka kuua watoto wao. Mimi natumia mbao mbili ndefu, kila moja imekatwa mshazari upande mmoja. Ya kwanza inafungwa ukutani kwa skrubu, makali yakitazama juu. Ya pili inafungwa nyuma ya fremu, makali yakitazama chini. Ukikishusha kioo, mbao zinaumana kama meno, na kadiri kinavyozidi uzito ndivyo zinavyozidi kuumana. Nikapima, nikaweka pimamaji, nikachora mstari kwa penseli, nikawasha drili.

Kwenye tundu la kwanza drili iliingia bila kazi, kama natoboa sukari. Nilipoichomoa drili, mchanga mkavu ukafuata, ukamwagika mstari mmoja ukutani mpaka sakafuni, ukafanya kichuguu.

Nilijua mara moja ni nini. Kilikuwa kiungo kati ya matofali, na nilikumbuka hata siku yenyewe. Saruji iliniishia jioni, nikakoroga mchanganyiko wa mwisho ukiwa mchanga zaidi ya saruji, nikajisemea nani atakuja kutoboa hapa. Kwa hiyo ile haikuwa hata uongo. Ukuta wenyewe ulikuwa unanisaidia kusema. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akauona ule mchanga. Nikamwona anavuta pumzi, mabega yakashuka, uso ukafunguka. Karibu atabasamu.

"Nini hiyo?" shemeji akauliza, ameingiwa na wasiwasi. "Kumbe hautashika?"

Ilinipasa kusema neno moja tu, tena la kweli. Au nisiseme lolote, nikunje waya wa drili.

Bibi akaangua kicheko. "Mchanga mtupu!" akasema. "Na kelele zote zile za ng'ombe. Ama kweli, debe tupu haliachi kuvuma." Shemeji naye akacheka kidogo, akajiziba mdomo kwa adabu, na kule kujiziba kukanichoma kuliko kicheko chenyewe.

Damu ikanipanda kichwani. "Hapo ni kwenye kiungo tu," nikasikia sauti yangu inasema. "Nipisheni."

Nikasogea juu kwa upana wa vidole vitatu, nikaikandamiza drili kwa bega. Safari hii ikalia. Vumbi lililotoka lilikuwa jembamba na la moto, vumbi la tofali zima. Nikatoboa matundu sita. Nikagonga plagi za plastiki ndani ya kila tundu, nikaweka ubao, nikakaza skrubu ndefu kama kidole cha kati mpaka bisibisi ikanichubua kiganja. Nisikudanganye kwamba nilikuwa na mawazo mawili. Sikumfikiria mdogo wangu hata kidogo. Nilikuwa na furaha. Nilipomaliza nikaudandia ule ubao kwa mikono miwili, nikaikunja miguu, nikaning'inia mbele ya yule bibi, mimi na kilo zangu themanini na tatu.

"Haing'oki hii, mama!"

"Nimekubali, fundi," akasema, akapiga makofi.

Nikashuka, nikageuka nikiwa bado nacheka, macho yangu yakakutana na ya mdogo wangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekunja mikono ya nguo yake, anangoja kuambiwa ashike wapi.

Maana kioo kilihitaji watu wawili, na mgongo wa shemeji uliharibiwa na magunia ya bohari zamani. Tukainama, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia. Shemeji akatoa simu aanze kupiga picha za kuwatumia ndugu. "Tazameni huku!" akawa anasema. "Mke wangu, cheka kidogo!" Tukakinyanyua. Mimi nilianza kutetemeka kabla yake. Mikono yake ilishazoea kumnyanyua mtu mzima kitandani, ilitulia tuli chini ya fremu.

"Upande wako umeshuka," akaniambia.

Ulikuwa umeshuka kweli. Nikapandisha. Tukakisogeza ukutani, tukakishusha polepole, mbao zikakutana na kuumana, na nyumba nzima ikasikia mlio wake. Mimi nikaachia. Yeye aliendelea kukishika, viganja vimebana fremu, paji la uso karibu liguse kioo.

"Achia," nikamwambia. "Kimekaa."

Alikawia kidogo, ndipo akaachia.

Shemeji akawa hana pa kuiweka furaha yake. Alikigusa, akakifuta, akarudi nyuma kukitazama, akambusu mkewe kwenye utosi. Kisha akaleta kiti cha mezani, akakiweka mbele ya kioo. "Mteja wa kwanza lazima awe fundi mwenyewe! Mtazame, nywele zimejaa vumbi. Mke wangu, mnyoe kaka yako. Ngoja nikawaite majirani waje waone." Akatoka mbio bila kungoja jibu.

Sikuwa na njia ya kukataa. Nilikaa. Mdogo wangu akanifunga kitambaa shingoni, akaenda jikoni, akarudi na beseni na wembe. Kwenye kioo kile cha hoteli hakikosekani kitu: nilijiona mzima, mweupe kwa vumbi, nikamwona yeye amesimama nyuma yangu, na nyuma yake nikamwona bibi kwenye kiti chake, anatutazama wote wawili. Nikitaka kuinamisha kichwa, vidole vyake vinaninyanyua kidevu, kama wanavyofanya vinyozi wote. Kwa hiyo nilimtazama. Akachota maji kwa kiganja, akanimwagia utosini. Yalikuwa ya bomba, baridi, yakaniteremka mpaka mgongoni.

Akaanza kuninyoa.

"Jumatatu nitakwenda kuwaaga," akasema kwa sauti ya chini, midomo haichezi.

"Hasira zilinipanda," nikanong'ona. "Yule bibi alinichokoza. Nisamehe."

"Mchanga ulimwagika, kaka. Sote tuliuona. Ilikuwa unyamaze tu."

Machozi yalinijia, na kwa kuwa kioo kiko mbele yetu, aliyaona yanavyokuja. Akachota maji mengine akanimwagia, yakachanganyika.

"Mnanong'ona nini huko?" bibi akauliza kutoka mlangoni.

Mdogo wangu hakugeuka. Alimtazama humo humo ndani ya kioo, akamtolea tabasamu moja safi, la adabu, ambalo sikuwahi kuliona usoni pake.

"Namuuliza kaka kama maji yana joto, mama," akasema, kisha akanitazama, akangoja.

"Yana joto, mama," nikajibu. "Yana joto la kutosha."